Kundi la Moshi

Jumatano, 6 Julai 1994

Kikao cha kijiji leo. Nimerudi nimenuna mpaka kuku wamenipisha njia.

Ni habari ya gobore la kijiji. Baba amelitunza tangu mimi sijaanza shule. Leseni ina jina lake kwa niaba ya kijiji chote cha Mpui, na nguruwe pori wote wa bondeni wanamfahamu. Sasa macho yake yameingia ukungu. Mwenyekiti Felisian akasema kwa sauti laini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, kwamba mzee Rafaeli apumzike. Sawa, apumzike. Na nani achukue? Nestory! Mpwa wa Felisian mwenyewe! Nestory huyuhuyu aliyepewa kulinda mashamba mwezi wa tatu, akalala na pombe yake, tukaamka kumebaki mabua.

Nikasimama. Nikasema misimu miwili hii nguruwe ninawapiga mimi, baba yuko nyumbani anaota moto, na kila mtu hapa amekula nyama ile. Watu wakacheka. Mmoja akauliza, je, nikiolewa tena bunduki itaondoka na mimi? Nikamwambia alete posa kwanza, hayo mengine tutaongea.

Felisian akatafuta njia ya kumaliza ubishi. Siku ya Nane Nane kuna mashindano ya kulenga shabaha Sumbawanga mjini. Mtu wa Mpui atakayefanya vizuri zaidi kwa gobore, huyo ndiye mtunza bunduki. Makofi mengi. Alidhani nitaogopa mji.

Nakwenda.

Jumamosi, 16 Julai 1994

Mjini na lori la maharage. Vumbi hadi kwenye meno.

Mwenye mashindano anaitwa Wilibrodi. Ana kibanda cha video karibu na soko, kanda anazitoa Tunduma, na picha anazozipenda ni za aina moja tu: za makauboi. Amezitazama mpaka akili imehamia huko. Kofia pana, mkanda wenye chuma kikubwa tumboni, anatembea miguu wazi kama ameshuka kwenye farasi sasa hivi. Farasi! Sumbawanga! Punda wenyewe wa kuhesabika.

Lakini kanuni zake si mchezo, nakiri. Amezibandika mlangoni. Anayepiga asimame mstarini, mdomo wa bunduki uelekee mbele kwenye tuta — ukigeuka pembeni hata kidogo, umetoka. Bunduki ifike tupu. Fataki, kile kidude cha kuwasha baruti, haivalishwi mpaka uko mstarini na umepewa ruhusa. Kila debe la shabaha unalokosa unaongezewa sekunde. Na mavazi: kofia pana, buti, mkanda. Bila hivyo wewe si kauboi, ni mtazamaji.

Halafu makundi. Vijana. Wazee. Kina mama. Na Kundi la Moshi, ndilo la magobore. Akaniandika Kina mama bila hata kuniuliza. Kina mama wanapiga na bunduki ya upepo, madebe yako karibu hivi, unaweza kuyatemea mate. Zawadi sufuria.

Nikasema niandike Moshi. Akasema mama, wanawake wana kundi lao, tena nimelianzisha mimi kwa heshima yenu. Nikamuuliza imeandikwa wapi kwamba mwanamke haingii Moshi. Akageukia mlango, akasoma kuanzia juu hadi chini. Haikuandikwa. Akasema haikuandikwa kwa sababu hakuna aliyefikiria. Nikamwambia basi mimi nimefikiria, na siku hizi si kila kitu ruksa?

Akacheka. Akanikata Kina mama, akaniandika Moshi. Ila akaninyooshea kidole: hakuna kupunguziwa kitu. Sikuja kuomba kupunguziwa.

Nimerudi na suruali ya mtumba ya kaki. Kiunoni tunaingia mimi na mtu mwingine.

Jumapili, 24 Julai 1994

Baruti ni ya shida, siwezi kuichezea. Kwa hiyo najifunza kujaza kwa ulezi. Namimina ulezi kwenye mtutu, kitambaa, gololi, nashindilia kwa ufito, namwaga, naanza upya. Kuku wa kijiji kizima wamehamia miguuni kwangu. Baba amekaa kwenye kigoda anasikiliza. Haoni vizuri lakini sikio lake linaona. Akisema “umechelewa kwenye kitambaa,” kweli nimechelewa kwenye kitambaa.

Mimi mwepesi wa hasira, yeye mpole, basi leo tumegombana hasa. Nilishindilia kwa pupa, akaninyang'anya ufito. Akasema gobore si mchi. Unashindilia mpaka ufito ukurudishie sauti, halafu unaacha. Nikanuna. Nikafanya tena. Ufito ukarudisha sauti. Akanirudishia tabasamu lile la meno mawili.

Kanisani asubuhi nilipita na suruali nikitoka kujaribu buti. Wanawake wa kwaya wameniangalia mpaka wakapotea kwenye wimbo.

Alhamisi, 28 Julai 1994

Baridi kali. Upepo unatoka huko Msanzi sijui unafuata nini. Vidole havishiki fataki, zinadondoka kama mbegu. Nimezitafuta kwenye vumbi kwa magoti. Nimerudia. Nimerudia tena.

Nestory amepita, amesimama kwenye ua na kofia mpya. Anasema atanipa kazi ya kumbebea bunduki. Nilimmwagia ulezi wangu miguuni, kuku wakamvamia buti.

Jumamosi, 30 Julai 1994

Mjini, ukaguzi wa mavazi. Nimepita! Buti za marehemu shemeji, kofia ya baba ya majani imekubaliwa kwa kuwa ni pana.

Kichekesho cha siku: Msukuma mmoja kutoka Kaoze kule bondeni, Mboje, mrefu kama mlingoti, amepanda huku juu na gobore lake na kofia yake safi kabisa. Miguuni katambuga za tairi. Wilibrodi akamkatalia, hakuna buti hakuna kauboi. Mboje hakukasirika. Akauliza kauboi ni mtu gani. Wilibrodi akamweleza kwa urefu: ni mchunga ng'ombe, anaishi porini, ana bunduki, haogopi. Mboje akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza hapa mstarini nani mwingine ana ng'ombe.

Mfanyabiashara wa mitumba mmoja alikohoa.

Mimi nikashindwa kujizuia, nikasema kama yeye si kauboi basi sote twende nyumbani. Wilibrodi akajikuna chini ya kofia. Mwishowe akaongeza kwa mkono wake, pale mlangoni: buti, au katambuga kwa mwenye ng'ombe. Kanuni inaweza kuongezwa mtu akisema. Hilo nimelishika.

Jumapili, 7 Agosti 1994

Tumefikia kwa shangazi Marsiana, Chanji. Baba hajafika mjini miaka mingi. Anashika kila kitu: ukuta wa saruji, redio, kitambaa cha kochi. Ana furaha ya mtoto. Shangazi ametuchinjia jogoo.

Nimesafisha gobore kwa maji ya moto, nimelikausha, nimelipaka mafuta. Nimeingiza ufito, umezama mpaka mwisho. Tupu kabisa. Nimeliegemeza pembeni ya kitanda cha baba kwa sababu hakutaka lilale mbali naye.

Nestory yuko mjini tayari, anatembea na kofia yake mitaani. Akikosa gobore hili, ana bunduki nyingine ya kujivunia, ni hiyo kofia. Mimi nikilikosa, wiki ijayo litakuwa linaning'inia kwenye kilabu cha pombe, na mahindi yetu yataliwa na nguruwe. Ninajua ninachokitaka. Kesho naomba mikono tu isiniangushe.

Jumatatu, 8 Agosti 1994

Naandika kwenye benchi, nyuma ya turubai. Kundi la Moshi limesimamishwa kwa sababu yangu. Nikikaa mikono mitupu nitampiga mtu.

Uwanja umejaa. Askari wawili mstarini, tuta la udongo, madebe yamepakwa chokaa. Mboje amepiga wa kwanza, polepole kama anayekamua, hakukosa hata debe moja. Nestory, kwa gobore la kuazima, amekosa moja lakini ni mwepesi. Watu wa Mpui walipiga kelele kama ametoka vitani. Nikawaza: vizuri, mimi namshinda huyu.

Nikapeleka gobore mezani likaguliwe. Askari akaingiza ufito. Ukaishia njiani.

Nilidhani ameingiza vibaya. Akarudia. Ufito ukabaki umechomoza nje kipande kizima. Akanitazama. “Mama, hili limejaa.”

Wilibrodi alikuja mbio, hata kutembea miguu wazi alisahau. Akasoma kanuni kwa sauti mbele ya watu wote: bunduki ikikutwa imejaa kabla ya zamu, aliyeijaza ametoka mchezoni, na ni yeye mwenyewe atakayeipeleka mstarini kuifyatua kwenye tuta. Halafu akauliza nani amejaza.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Kwetu Mpui bunduki ya kijiji hujazwa jioni, baada ya chakula, kabla ya sala, kwa sababu nguruwe hawangoji mtu ashindilie. Unaijaza, fataki unaiweka mfukoni, unalala. Baba amefanya hivyo kila jioni ya maisha yangu. Hata mjini, hata nyumbani kwa dada yake, penye redio na kochi, na nguruwe wa karibu yuko bondeni kabisa. Ametoa baruti kwenye pembe, amejaza, amesali, amelala. Na mimi mjinga nimelibeba asubuhi bila kulipima tena!

Felisian akanivuta pembeni. Kwa upole wake uleule. Anasema nikisema ni mimi, nimetoka, na mambo yameisha. Nikisema ni mzee, basi mzee si mtunza tena kuanzia dakika hii, gobore atalishika yeye Felisian hadi jioni, na nisiposhinda linakwenda kwa Nestory. Tena watu wote watajua kuwa mzee Rafaeli anajaza bunduki na hajui. Anasema nifikirie aibu ya baba yangu. Amenipa muda kidogo. Huo muda ndio huu.

Nimefikiria. Kusema ni mimi — neno moja tu, na baba anarudi Mpui na heshima yake. Nililitaka sana neno hilo, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Halafu nikamwona Nestory anapangusa buti kwa pindo la bendera ya uwanja. Nikaufunga.

Baba amekuja hapa kwenye benchi, anapapasa kwa fimbo. Amekasirika. Amesikia watu wanasema limejaa. Akaniuliza ni mpumbavu gani aliyechezea bunduki ya kijiji. Ni Nestory? Yuko tayari kwenda kumchapa.

Hajui. Kabisa hajui.

Nikamwambia. “Ni wewe, baba. Jana, baada ya kula.”

Nikaona anatafuta. Uso wake wote ulikuwa unatafuta jana, jogoo, shangazi, pembe ya baruti — hakuikuta. Nilijuta kabla hata hajasema kitu. Machozi yamenitoka na bado yananitoka, karatasi hii imelowa na sijali.

Akaniuliza: “Nilishindilia vizuri?”

“Vizuri sana, baba.”

“Ufito ulirudisha sauti?”

Nikamwambia askari mwenyewe ameshangaa. Uongo huo mdogo nimempa, Mungu atanisamehe.

“Basi, mama,” akasema. Akanipigapiga goti, akasimama. Nilitaka kumshika mkono, akausogeza. Amekwenda mezani peke yake, kwa fimbo, watu wakimpisha.

Namwona kutoka hapa. Amevua kofia yake ya kitambaa. Amesema amejaza yeye, Rafaeli, na binti yake asihusishwe. Amesema kwa sauti kubwa, ya kuita mtu ng'ambo ya mto, mpaka upande wa Mpui umesikia. Hakusema kwamba hakumbuki. Amenibebea kitu ambacho hata hana uhakika nacho, kwa sababu nimemwambia mimi.

Felisian amenyoosha mkono kupokea gobore. Wilibrodi amemzuia — kanuni ni kanuni, aliyejaza lazima afyatue kwanza. Wanabishana. Askari mmoja anasema mzee haoni. Wilibrodi anasema anapiga tuta, si shabaha, na tuta ni kubwa kuliko lori. Mboje amekwenda kusimama karibu na baba.

Mimi bado nimo. Wilibrodi amenipungia: likishafyatuliwa, zamu yangu, bunduki hiyohiyo. Nestory ameacha kucheka. Kuanzia sasa gobore halina mwenyewe, na jioni litakuwa na mmoja. Pembe ya baruti ninayo. Vitambaa ninavyo. Vidole vimepata moto. Namshinda. Sisemi najaribu, nasema namshinda.

Wamemfikisha mstarini. Amevalisha fataki mwenyewe kwa kupapasa, haikudondoka. Watu wote wamerudi nyuma. Wamemgeuza kifua kielekee kwenye tuta, wanamwambia apige udongo tu, yaishe.

Hapigi. Amelipandisha begani, ameganda hivyo. Sasa anauliza kitu. Wilibrodi anamtazama askari, askari anatazama chini.

“Debe liko wapi?” anauliza baba.

Anauliza tena.

Naweka kalamu. Naenda kusimama nyuma ya bega lake nimwelekeze.