Namba Chini ya Picha ya Cirhuza

Alhamisi, usiku. Mvua imeanza mchana na bado haijachoka. Mimi nimechoka.

Shajara yangu, leo sina hata nguvu ya kukusalimia vizuri. Nimeketi na koti la mvua mwilini, viatu vimejaa matope, chai imepoa mezani. Dada yangu amechungulia mlangoni, akaniona nilivyo, akarudi jikoni. Ananijua.

Ngoja nianze mahali pa kuanzia, maana kichwani mambo yamerundikana ovyo.

Ninafundisha wanafunzi wa informatika, mwaka wa pili, kutengeneza tovuti. Anayenisoma kwa mara ya kwanza asidhani nina maabara. Nina ukumbi wenye viti vibovu, projekta moja, mashine chache ambazo wanafunzi wanazizunguka kama watoto kwenye sahani moja ya bugali, na umeme unaokuja unapotaka wenyewe. Usipokuja, tunaandika programu ubaoni kwa chaki na kukisia ingefanya nini. Wanasema mimi ni mkali. Ni kweli, na sioni haya.

Mwanzoni mwa muhula niliwaonyesha namna ya kuweka namba chini ya ukurasa, inayopanda kila ukurasa unapofunguliwa. Ni zoezi dogo sana. Nalipenda kwa sababu wanalipenda: mtu anafungua kazi yake, namba inapanda, anacheka peke yake. Basi wote wakaiweka kila mahali, hata pasipohitajika, kama mtu aliyegundua pilipili jana.

Mugisho naye akaiweka. Ni kijana mtulivu wa Kasha, kule Bagira. Kazi yake ya kozi ni ukurasa wa matangazo ya mtaa wao, na aliuweka mtandaoni kabisa, watu wautumie: mbuzi aliyepotea, kadi iliyookotwa, misa ya marehemu fulani. Na picha ya Cirhuza, mtoto wa jirani yake, aliyekwenda kuchimba dhahabu huko Mwenga, na tangu kiangazi simu yake haiiti tena. Mwenye kumuona amwambie mama yake. Chini ya picha, ile namba.

Sikuona ubaya wowote. Nilimpa pointi nzuri.

Leo katikati ya somo mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja, kikwembe alichojifunga kimelowa chote, Mugisho nyuma yake ameinamisha kichwa. Alikuwa Maman Nsimire, mama yake Cirhuza. Anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni Nyawera. Alinishika mikono yote miwili mbele ya darasa zima.

"Madame, Mungu akubariki. Ni weye ulifundisha batoto ile namba? Mutoto yangu ananiangaliaka kila siku."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu. Kila asubuhi, kabla hajashuka sokoni, binti yake anamfungulia ukurasa kwenye simu, na kila asubuhi anakuta namba imepanda. Kwa hiyo huko aliko, Cirhuza anaomba simu ya rafiki, anafungua, anaona kwamba anatafutwa. Labda anaona haya kurudi mikono mitupu, ndiyo sababu hapigi. Lakini anatazama.

"Na jana, Madame, aliangalia sana! Namba ilipanda mpaka nikaogopa. Mutoto iko na shida. Kesho asubui napanda gari ya Mwenga, namufuata."

Wanafunzi wakaanza kuficha simu zao mifukoni.

Kwa sababu jana, shajara yangu, umeme ulikuja. Projekta ikawaka, nami nikachukua ukurasa wa Mugisho uwe mfano, maana picha ya Cirhuza ilikuwa inavutika kwa upana. Tukarekebisha, tukafungua upya. Tukarekebisha, tukafungua upya. Wanafunzi nao wakafungua kwenye simu zao waone inavyokaa. Mara moja ilimpa mashavu ya askofu na tukacheka wote, mimi wa kwanza.

Aliyetazama sana jana ni sisi.

Na njia ya Mwenga msimu huu si njia ya mama wa umri wake. Matope yanameza magari, na gari likikwama, wanaotokea porini hawaji wote kusaidia kusukuma. Kila mtu hapa Bukavu anajua hilo. Yeye pia anajua.

Nilimketisha, nikamwambia bila maneno ya shule:

"Maman, ile namba haijue mutu. Inajua tu kama mulango imefunguliwa. Hata weye ukifungua, inapanda."

Akajigusa kifua.

"Basi zingine ni miye. Na zingine?"

"Zingine ni siye, hapa ku darasa. Ya jana ni siye. Unisamehe, Maman."

Akawatazama wanafunzi. Hakuna aliyeinua macho.

"Zote?"

Hapa ndipo ninapojichukia. Lilitakiwa neno moja tu, lilelile la kwake: zote. Lakini muhula mzima nimewapigia kelele hawa vijana kwamba mtu asidai kujua kitu ambacho mashine haikumwonyesha. Na namba ile haikumbuki simu, wala mahali, wala siku. Inajumlisha tu. Wanafunzi wangu wakawa wananingoja, nami nikasema kweli.

"Sijue, Maman. Siwezi kujua kama ni zote."

Uso wake ukafunguka. "Basi iko moja yake," akasema, akakaza kikwembe. Akamgeukia Mugisho: "Uandike pale chini asitoke pale iko. Mama anakuya."

Akatoka na mvua ile ile aliyokuja nayo.

Somo liliishia hapo. Niliwaacha wengine waende, nikabaki na Mugisho, nikamwamuru aifute namba, papo hapo. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: namba ndiyo inayompeleka mama njiani, basi tukiiondoa hakuna kitakachomwita. Mugisho alisita. Akauliza kama si vizuri tumwambie kwanza. Nikamkaripia. Nikasema nitakwenda kwake mimi mwenyewe mvua ikipungua, nikamweleze vizuri. Akafuta mstari mmoja wa programu, picha ikabaki peke yake. Na maneno ya mama nikamkataza kuyaandika. Nikajiona mtu wa busara.

Mvua haikupungua. Nilishuka hadi Nyawera kutafuta pikipiki, madereva wote wakakataa, mmoja akaniuliza kama nimechoka kuishi. Nikarudi nyumbani kwa miguu nikijiambia nitakwenda alfajiri, kabla gari halijaondoka.

Giza lilipoingia Mugisho akapiga simu. Nyuma ya sauti yake nilisikia wanawake.

Maman Nsimire alirudi nyumbani kufunga mizigo. Alipomaliza, akamwambia binti yake amfungulie ukurasa, amwone mtoto kabla ya safari. Picha ipo, namba haipo. Wakafungua tena. Haipo. Akakaa chini sakafuni akasema, "Cirhuza amekufa." Jirani wa kwanza alipoingia kuuliza kuna nini, kilio kilikuwa kimeshaanza. Sasa wametoa meza na viti chumbani, wanawake wamejaa kwenye mikeka. Mugisho alijaribu kueleza, lakini nani atamsikiliza kijana wa shule katikati ya msiba?

Hatasafiri. Gari la Mwenga litaondoka kesho bila yeye. Ndicho nilichokitaka, na nimekipata.

Mungu wangu, nimemzika mtoto wa watu ambaye huenda sasa hivi anakula bugali na wenzake huko machimboni. Au labda alikufa zamani kweli, na mimi nimemtangaza bila kujua. Sijui lipi ni baya zaidi.

Nikiirudisha namba, atafuta machozi, atamshukuru Mungu na atapanda lile gari. Nikiiacha, kesho watamwita padri. Nikienda mwenyewe nikasema ni mimi niliyeifuta, ataniuliza tena kama ni zote. Nijibu nini? Nikisema ndiyo, nimwangalie machoni nikijua kwamba nadanganya, na je, ataniamini leo wakati mchana nilisema sijui? Bibi yangu alikuwa akisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yangu yangali yanamwagika, na ndoo nimeishika mimi.

Nilitaka kuwafundisha vijana kazi. Basi. Sikuomba mamlaka ya kumfufua mtu na kumuua.

Simu imelia tena. Ni ujumbe wa Mugisho: "Madame, bado banalia. Turudishe namba?"

Ameuliza kwa heshima, kama anavyouliza darasani, akiamini kwamba mwalimu ana jibu.