Wote Wabanwe, Baba Asiguswe

Masuguru, Korogwe
Jumatano, baada ya swala ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwanao ni mzima, isipokuwa mgongo unaolalamika kwa kukalia stuli ya kazini mchana kutwa, na dua yangu ni karatasi hii ikukute lile goti limeshapoa. Unalikanda kwa maji moto, au bado unajitia ujana na kwenda nalo shambani? Na ngiri wameshaacha mihogo yetu? Huku mvua imenyesha mpaka tope la Masuguru likanivua kandambili mara mbili kwa siku moja. Watu walicheka, nami nikacheka nao, ningefanyaje.

Mama, barua hii inakuja na diski. Usiishike kwa mikono yenye mafuta. Ningekueleza kwa simu ya mjomba, lakini mjomba akipokea simu huweka spika, na Kwamsisi nzima hukaa kikao.

Siku ya arobaini ya marehemu baba uliniambia kitu kimoja ambacho hakijanitoka. Ulisema kwenye harusi ya mdogo wangu Zuhura baba alisimama akazungumza, akakutaja kwa jina, watu wakapiga vigelegele, na wewe ulikuwa jikoni kwenye masufuria hukusikia hata neno. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta namna ya kukusikilizisha. Shemeji yake Zuhura, yule anayeishi Muscat, ndiye aliyepiga video, akatengeneza diski moja tu na kumwachia mama yake hapa Korogwe. Nimembembeleza mama huyo mwaka mzima, mwisho akanipa kwa siku mbili. Nayo ina mikwaruzo, inakwama kwenye deki kila baada ya muda. Niliona wazi kwamba nisipoinakili sasa, sauti ya baba tutaikosa moja kwa moja.

Tabu ni kwamba diski ile ni ya tabaka mbili, na hizi diski tupu tunazochomea hapa kwenye duka letu la video hubeba kama nusu yake tu. Harusi yenyewe ina urefu wa saa tatu na nusu! Hapo ama ukate, ama ubane. Kubana ni kuipunguzia picha uzito, na programu ya kompyuta inataka uiambie ibane kiasi gani. Mimi, kwa ujuaji wangu wa miezi sita kazini, nilianza kwa kukata. Niliondoa foleni yote ya kutuza, wale kina shangazi na mashoga wanaopita wakicheza na ndoo na vitenge kichwani. Fundi Lazaro akasimama nyuma yangu.

Huyu Lazaro ndiye fundi mkuu wa hapa. Ni mtu wa huko huko kwetu Handeni, wa jamii ya wafugaji, baba yake bado anachunga ng'ombe upande wa Sindeni.

"Dada Mwanaidi, umemtoa nani hapo?"

"Watu wa kutuza tu, fundi. Wanajirudia."

"Wanajirudia? Shangazi yako katoa kitenge na ndoo, kakaa mbele ya TV asijione, utamwambia diski imejaa? Harusini hakatwi mtu, dada. Bana."

Nikawarudisha wote, nikabana harusi nzima sawasawa, nikachoma. Tulipoiweka, uso wa baba ulikuwa umekatika miraba miraba, vigae vitupu, kama sakafu inayosema. Mama, nililia mbele ya wateja, sikuona haya.

Fundi hakunicheka. Alivuta stuli, akaniuliza swali ambalo humuuliza kila mteja anayeleta harusi ya zamani.

"Katika hawa, nani hayupo tena?"

"Baba."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Basi huyo haguswi. Walio hai wabanwe, watapigwa picha nyingine."

"Hata bi harusi?"

"Bi harusi yuko kwake anasonga ugali. Mbane!"

Nimewahi kuona mafundi wenye mbwembwe, lakini huyu ni mtu na nusu. Nilimwambia tuigawe kwenye diski mbili yaishe. Akasema diski mbili kijijini hazidumu pamoja, moja itaazimwa na haitarudi, na itakayoondoka ndiyo hiyo yenye mzee. Nikakubali, maana namjua mjomba. Kisha akanionyesha kwamba wanaocheza ndio wanaokula nafasi, kwa sababu kila kiungo kinatikisika, lakini mtu aliyetulia anahitaji kidogo tu. Yale maua na mioyo inayozunguka mwanzoni akayafanya picha moja iliyosimama. Msafara wa magari akaubana mpaka mwisho. Kina shangazi akawabana kwa huruma, akijaribu na kutazama, akijaribu na kutazama, mpaka kila uso ukajulikana ni wa nani. Sauti hakuigusa popote. Na dakika kumi na mbili za baba akaziacha kama zilivyotoka kwenye kamera. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, mama, na mimi ndiye niliyekuwa na pupa.

Umeme ulikatika katikati, tukaanza upya. Hakunung'unika. Ilipokamilika aliitazama yote, saa tatu na nusu, kazi nyingine zikamsubiri. Namheshimu mtu huyu kwa moyo wangu wote, na ukimwombea katika swala zako hutakuwa umekosea, ingawa yeye ni wa kanisani.

Nisalimie mjomba mwenye simu na deki yake, mpe shikamoo bibi mzaa baba, mkumbushe dawa ya macho. Shangazi mkubwa mwambie anaonekana vizuri na ndoo yake. Wadogo zangu waambie wasome.

La mwisho nimeliweka chini kabisa, ili anayechungulia barua za watu achoke kabla hajalifikia. Tazama diski hii peke yako kwanza. Baba alipokutaja aligeuza uso nyuma, kuelekea uani, na kwa kuwa hapo hapakubanwa, nyuma yake mlango wa jikoni unaonekana wazi. Umesimama wewe, mwiko mkononi, ncha ya kanga machoni. Umesimama tangu neno lake la kwanza mpaka la mwisho. Ulisikia yote, mama. Kumbe ndiyo maana pilau la sufuria kubwa liliungua, ukasingizia kuni! Sikulaumu hata kidogo, wala sitamwambia mtu. Ulitaka kumsikia tena, basi.

Naye alijua upo pale. Utaona mwenyewe anakotazama.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mwanaidi