Chizi Ndani ya Tende

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu amefaulu! Mkunga kamili, jaribio la tatu. Amenikumbatia na mwiko mkononi, shati langu lote mchuzi. Sherehe Jumamosi, watu ishirini. Keki analeta jirani. Vitu vya kutafuna kabla ya keki je? Binti wa mke wangu akasema atatengeneza yeye, kitu kisichotaka moto — matunda makavu na chizi. Nikajitolea kusaidia. Hakukataa. Hakukubali pia.

Ana miaka kumi na sita. Ananiita Fundi, kama wateja wa friji wanavyoniita. Na Jumamosi hiyohiyo, sherehe ikiisha, anahamia kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Nilimsikia kupitia ukuta akimwambia mama yake nyumba hii imekuwa ndogo. Haijapungua hata tofali moja. Kilichoongezeka ni mimi tu.

Jumatano, 5 Juni

Dukani na Binti. Miaka miwili ya ndoa, leo ndiyo mara ya kwanza tunatoka wawili tu. Nikamuuliza muuzaji, "Chizi ipo?" Akanipima juu hadi chini. "Mbele yangu namwona mmoja." Binti alicheka mpaka akashika rafu! Nami nikacheka, ingawa aliyetukanwa ni mimi.

Tende, tini kavu, aprikoti kavu, korosho, vijiti vya meno. Njia nzima mfuko tuliubeba pamoja, kila mtu na mkono wake.

Ijumaa, 7 Juni

Friji imekufa. Ya fundi friji! Kinyozi hajinyoi, walisema kweli. Chizi inatoka jasho. Binti akasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Sasa we Fundi, za watu unatengeneza, ya kwetu je?"

Ya kwetu. Neno hilo nililisikia vizuri.

Nikalala chini nyuma ya friji, yeye akanishikia tochi. Kidude cha kuwashia mota kilikuwa kimeungua. Nilikuwa nacho kingine kwenye boksi la kazi. Ilipoanza kunguruma tukapeana tano. Halafu wote tukaona haya.

Tukaanza kazi. Yeye anapasua tende na kutoa kokwa, mimi najaza chizi, yeye tena anabandika korosho juu. Tini tukazikata nusu. Aprikoti ngumu kama soli — akaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu, zikalainika. Mimi nisingewaza.

Ghafla akasema baba yake alikuwa mwizi wa tende. Ukimpa kazi ya kutoa kokwa, bakuli linabaki na kokwa tu. Hajawahi kumtaja mbele yangu. Nikauliza kama alikuwa mrefu.

"Mfupi kuliko wewe. Ila alikuwa anaimba vizuri."

Nikasema mimi siwezi kuimba.

"Tunajua. Tunakusikia bafuni."

Jumamosi, 8 Juni

Sinia zima limeisha kabla keki haijakatwa! Shangazi mtu akala tende tano, akauliza nani katengeneza. "Sisi," Binti akajibu, kidevu kikinielekea mimi. Shangazi ni mama mpole, sina ubaya naye. Amekuja na gari la kuazima. Begi tayari limo ndani.

Wageni wameondoka. Mke wangu anapanga viti vilivyokwisha kupangwa. Hataki nimtazame usoni.

Shangazi ameita: twende mwanangu, mwenye gari anasubiri. "Namalizia sinia, Shangazi!" Niko nyuma ya Binti, kitambaa begani, nasubiri kupokea nikaushe. Ni robo saa sasa. Naandika nimeegemea friji.

Honi.

Kaongeza sabuni. Sinia lilishatakata zamani. Mimi simwambii.