Wanasema Halua Yangu Ni Haramu

Bagamoyo, Rajabu 1301

Kwa mpendwa mshauri, Mwalimu Mwinyijuma wa Saadani.

Baada ya salamu, naomba unisaidie kabla mkono wangu haujafanya la kujutia. Mimi ni mpishi wa halua, kwetu Ngazija, nilihamia huku kutafuta riziki, akanipokea Bwanausi, akanipa baraza ya nyumba yake nifanyie biashara tugawane faida, akaniozesha mpwa wake Mardhiya, nikaona nimepata ndugu, nikamfundisha kila kitu, moto, wanga, iliki, hata wakati wa kumimina samli, biashara ikashamiri, wapagazi kutoka bara na watu wa mjini wote wakanunua kwangu, basi mwezi uliopita akaniambia, "Sadallah, baraza yangu naitaka," na kabla sijahamisha sufuria akatangaza sokoni kwamba samli yangu naichanganya na mafuta ya nguruwe, Mwalimu, ya nguruwe! watu wakamwaga halua yangu mchangani nikitazama, na leo yeye anauza halua ile ile pale pale, nami hata msikitini wananikwepa. Nataka nimpasue kichwa kisha nirudi Ngazija, lakini Mardhiya ni mjamzito, ananiambia, "Ukikimbia sasa, mwanangu ataitwa mtoto wa mla nguruwe." Nifanyeje?

Sadallah

*

Sadallah mwanangu,

Barua yako imenitetemesha kwa hasira. Kumnyang'anya mtu kazi yake ni dhuluma. Kumzulia Mwislamu mwenzio haramu ni kumzika hai. Bwanausi hana haya wala hamwogopi Mungu.

Lakini na wewe umeniudhi. Walipomwaga mali yako ulisimama kimya, kisa u mgeni? Mgeni hana mdomo? Na sasa wataka kupiga mtu! Mpige, na mji mzima utasema uwongo ule ulikuwa kweli.

Usisafiri. Mkeo ameona mbali kuliko wewe. Nenda kwa kadhi leo, mshitaki Bwanausi kwa kukusingizia, alete mashahidi wake. Kisha Ijumaa, watu wakitoka kuswali, teleka sufuria sokoni hadharani. Samli usiinunue wewe, mwombe kadhi atume mtu wake. Ikiiva, wa kwanza kupewa ni Bwanausi. Mwite kwa adabu: "Karibu, mjomba, onja." Akila, amejikadhibisha mbele ya mji. Akikataa, walioona upishi wataonja wenyewe.

Na mtoto azaliwe hapo hapo Bagamoyo. Hapo ndipo kwao, Bwanausi apende asipende.

Mwinyijuma