Ubao wa Nne

Yadini, 4 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, ila tunakohoa vumbi la rangi kutwa nzima, na mkweo ndevu zimekuwa za buluu kama mtu aliyepakwa kwa adhabu.

Hatimaye tumeipandisha mashua nchi kavu. Miezi mitatu sasa ilikuwa ikivuja, si sana, ndoo moja kwa safari, lakini ndoo moja ukiizoea huwa mbili. Jumatatu asubuhi iliinuliwa kwa winchi, ikaketishwa juu ya magogo kati ya boti la mvuvi mmoja na tishari lililochakaa. Kuiona tumbo wazi, niliona haya kana kwamba nimemchungulia mtu anaoga. Miaka tisa inatubeba sisi, abiria na magunia ya watu, na sijawahi kuitazama chini.

Tumepanga chumba nyuma ya ghala la kamba. Mkweo anakwangua rangi. Mimi natoa kalafati iliyooza, ile pamba iliyoziba nafasi kati ya mbao, naichokoa kwa ndoano mpaka vidole vinakataa kukunjuka. Msimamizi wa yadi ni mama mmoja tunayemwita Mama Ratiba. Ametupa wiki sita tu, maana vyombo vingine vinasubiri nafasi yetu. Tukishaziba tunapaka rangi, tunashuka majini.

Wewe ndiye uliyeiunda. Kama una neno, sema.

Mwanao,
Kitindamimba


Nyumbani, 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanisalimia kila nikiona ngazi. Nimefurahi mko wazima. Fungeni vitambaa puani, vumbi la rangi si ugoro.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sasa sikiliza. Ubavu wa kushoto, karibu na mbele. Anzia kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, uhesabu kwenda juu: ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Huo wa nne ung'oeni. Msiugonge tu mkasema unalia vizuri. Ung'oeni, na taruma linaloushikilia kwa ndani mlitazame pia. Mbao huchoka.

Sina zaidi. Kuleni vizuri.

Baba yako


Yadini, 19 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi hatujambo.

Nilimsomea mkweo maneno yako. Aliweka chombo cha kukwangulia chini, akasema jambo ambalo nakuandikia baada ya kulipunguza chumvi: kwamba mtu ambaye tangu mashua yetu ishuke majini hajakanyaga ndani hata siku moja asitupangie ubao wa kung'oa. Nilikutetea, lakini nusu nusu, kwa sababu ni kweli. Umekuja kututembelea mara mbili. Ya kwanza tulikuandalia chai ndani, ukasema utainywa pale pale gatini, ukainywa umesimama, mkoba begani. Ya pili ulirudi kwa basi, saa saba za kuzunguka, wakati sisi tungekuvusha kwa saa moja. Mkweo anaamini unamwona si mtu wa kumwoa binti yako. Hasemi, lakini naye ana moyo.

Ubao wenyewe tumeugonga, unalia vizuri. Kuung'oa ni kazi ya wiki nzima, na wiki hiyo hatuna. Tumeamua kuuacha. Usikasirike.

Mwanao,
Kitindamimba


Nyumbani, 23 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na salamu zote kwa wote wawili.

Sijakasirika. Ung'oeni. Msishuke majini na ubao ule. Nakuomba.

Baba yako


Yadini, 1 Julai

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Neno hilo leo naliandika nikijua uzito wake.

Lililotushinda ni lile "nakuomba". Tangu nizaliwe hujawahi kuniomba kitu. Hata chumvi mezani huwa unainuka kuifuata mwenyewe. Nilimwonyesha mkweo mstari ule, akausoma, akaenda kuchukua mtaimbo.

Msumari wa tatu ulipotoka, ubao ukaachana wenyewe. Ulikuwa na ufa wenye urefu wa mkono wangu, ufa uliojazwa unga wa mbao na gundi, ukapigwa msasa na kupakwa rangi hata jicho lisiujue. Maji yalikuwa yanaingia humo kidogo kidogo na kula kwa ndani. Mkweo alichomeka bisibisi kwenye taruma la nyuma yake, ikazama hadi mpini kama amechoma sabuni. Lilibaki wimbi moja la ubavuni, Baba. Wiki mbili kabla ya kuipandisha tulivusha wanafunzi thelathini na mwalimu wao, wanaimba njia nzima.

Mkweo aliketi juu ya ndoo ya rangi. Kisha akauliza, "Mzee alijuaje?"

Nikamwambia labda fundi hujua mbao zake. Akatikisa kichwa. Sasa na mimi nakuuliza: ulijuaje?

Mwanao,
Kitindamimba


Yadini, 17 Julai

Baba,

Shikamoo. Wiki mbili hujajibu, na wewe na simu hamjapatana tangu izuliwe. Nimempigia fundi cherehani wa mkabala wako. Amesema u mzima, ila unashinda karakanani umejifungia, na mlio wa randa hausikiki.

Sikuuliza ili nikulaumu.

Muda wetu umeisha. Mama Ratiba alikuja na daftari lake kutuambia tuondoke. Mkweo akamwonyesha lile shimo, naye akachungulia ndani, akafunga daftari. Ametusogeza kona ya nyuma, akasema tukae mpaka chombo kipone. Taruma jipya tumeshaliweka. Ubao bado.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Kitindamimba


Nyumbani, 21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mwili mzima. Barua hii nimeiandika mara nne, tatu nimezichoma.

Ufa ule ni wangu. Unakumbuka wiki ile mama yako alipoambiwa lazima apasuliwe. Alisema haendi popote kabla hajaiona mashua ikigusa maji, nyinyi wawili mkiwa ndani. Zilibaki siku mbili. Ubao wa nne ulipasuka nilipokuwa naupinda. Mwingine wa urefu ule sikuwa nao, na kuupata ilikuwa wiki. Nikaujaza ufa kwa mikono hii, nikajiambia mwezi ujao nitaubadilisha. Mama yako alikaa kitini ukingoni, akapiga makofi mpaka nikamshika mikono asichoke.

Mwezi huo ujao ndio tuliomzika. Nyinyi mlikuwa mmeshaanza kuvusha watu. Kila nilipotaka kukuambia niliona nitakuwa nakuambia pia kwamba siku yake ile ya furaha ilikuwa na uongo ndani. Nikakawia siku, siku zikazaa miaka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya chombo, na kifo kingekuja kwako. Ulipoandika kwamba inavuja, nilijua ni wapi, na bado nikashindwa kusema. Nikakuambia mbao huchoka.

Kuhusu kupanda. Sikukataa kwa ajili ya mumeo. Ningepanda, macho yangu yangekwenda pale kwenye ubao, nanyi mngeniuliza natazama nini. Mwambie sijawahi kutamani ungeolewa na mtu mwingine. Mwambie kwa maneno hayo hayo.

Ukiona huwezi kuniandikia tena, nitaelewa.

Baba yako


Yadini, 28 Julai

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimekaa chini ya mashua, kisha nikatembea hadi lango la yadi na kurudi, mara mbili. Nilikasirika, sitakudanganya. Wale watoto thelathini walikuwa wananiimbia masikioni. Lakini hasira ilipopoa nilijikuta nahema vizuri, kama mtu aliyetua debe la maji. Miaka tisa nilidhani nilikupoteza siku nilipoolewa. Kumbe ni ubao, na ubao hubadilishwa.

Mkweo nilimpa asome mwenyewe. Alipofika kwenye yale maneno uliyomtumia, akakunja karatasi, akageukia mashua, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

"Kila anapokuja," akasema, "mimi nanunua viatu vipya."

Na ni kweli, Baba, mara zote mbili.

Ameniambia nikuandikie hivi: ubao mrefu tumeupata, mzuri, hauna hata fundo moja, lakini kuupinda hatujui. Aliyeupasua wa kwanza aje aupinde wa pili.

Njoo. Mvuvi jirani ametuazima kitanda.

Mwanao,
Kitindamimba


Ndani ya mashua, 6 Septemba

Baba,

Shikamoo. Ulifika salama? Goti je?

Bado nawacheka, wewe na mkweo. Siku tatu mnagombania mvuke wa kulainisha ubao, huyu anataka ubao uongezwe dakika kumi, huyu anasema umeiva, mnaishikilia miwani moja kwa zamu, na Mama Ratiba amevuta kiti kuwaangalia kama sinema. Na ubao ulipokaa mahali pake bila hata kulia, mkaulizana habari za msumari.

Tangu tukuvushe siku ile na kukushusha ng'ambo tumekwenda safari tisa. Ndoo inakaa pembeni haina kazi, nimeanza kuwekea vitunguu. Jana abiria mmoja aliisifu mashua, akamuuliza mkweo aliifanyia ukarabati wapi. Akajibu, "Ni kazi ya baba mkwe wangu na mimi." Akaanza na wewe, nikasikia.

Mchana huo huo, tukiwa katikati ya maji, nilijiegemeza kwenye magunia nikalala fofofo. Mkweo aliniamsha tumeshafunga kamba.

Mwanao,
Kitindamimba


Nyumbani, 14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti limevimba kwa kupiga magoti chini ya mashua yenu, na silionei huruma. Mwambie mkwe wangu miwani ilikuwa yangu.

Fundi cherehani nimemsimulia yote. Alifikiri natania. Alipoona sitanii, aliacha kushona, akaniambia na yeye aliwahi kushikiza mkono wa suti ya bwana harusi kwa gundi, na bwana harusi akapungia watu siku nzima. Miaka kumi na minne hajamwambia mtu. Tulicheka mpaka mteja wake akaondoka.

Juzi alikuja mtu anataka mlango ndani ya siku tatu, ana wageni. Nilimwambia mbao bado mbichi, mlango ni wiki tatu. Akasema wapo mafundi wanaoweza kwa siku tatu. Nikamwambia wapo kweli, hata mimi nimewahi kuweza. Akaondoka amenuna, nami nikabaki nimesimama pale, moyo mweupe, wala sikumwita.

Leo asubuhi amerudi. Amesema atatundika pazia, wageni watavumilia. Nimemkaribisha chai, tumekunywa taratibu, kisha nikachukua futi nikaenda kumpimia.

Baba yako