Simu Uliyopiga Alhamisi

Bweni la Mabaharia,
Ghorofa ya Pili,
Kambi ya Bandarini.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Naanza kwa kukujulia hali, wewe na shemeji na watoto. Yule wa mwisho ameshaota meno ya mbele, au bado anacheka kama kizee? Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Moyo ndio mgonjwa, na ndio ulionikalisha hapa kuandika.

Dada, siko baharini. Meli ilipong'oa nanga mara ya mwisho iliniacha gatini. Sisi wanamaji kila baada ya miaka kadhaa hupewa zamu ya nchi kavu, na huu ni mwezi wa saba tangu yangu ianze. Muda wote huo nimekuwa umbali wa siku moja tu kwa basi kutoka kwenu, na simu yangu nimeizima, nikijua mtasema majini hakuna mtandao.

Kazi za huku hazina kichwa wala miguu. Nilianza kwa kupaka chokaa mawe ya njia iendayo ofisini kwa mkuu wa kambi. Nilipomaliza jiwe la mwisho, mvua ikaja kuyaosha yote. Nikapelekwa getini kukagua buti za magari, kisha darasani kuwafundisha makuruta kufunga mafundo ya kamba, kisha jikoni. Huko nilimenya vitunguu mpaka mpishi, jitu la miraba minne, akaniuliza, "We baharia, unalia vitunguu au unalilia kwenu?" Nilicheka naye, lakini jioni ile chakula kilinishinda.

Mwezi uliopita nikahamishiwa chumba cha simu. Ndiko jamaa za mabaharia hupiga kuulizia watu wao na kuacha ujumbe. Alhamisi asubuhi nikanyanyua simu, nikasikia sauti yako.

Nilijua ni wewe kabla hujajitaja. Ulipotaja jina langu na la meli yangu, niliibadilisha sauti nikakujibu kiofisi: "Meli iko safarini, mama. Hapatikani." Meli kweli iko safarini, ila mimi simo. Nilikuita mama, Dada, nawe ukaniamini.

Kisha ukamweleza mtu usiyemjua mambo ambayo mimi hujawahi kuniambia. Kwamba tangu kiharusi cha pili baba hawezi kujigeuza kitandani. Kwamba unamwinua peke yako, na sasa mgongo wako umegoma. Nikauliza nimpe ndugu yako ujumbe gani. Ukasema, "Hayo usimwambie, kaka, atahangaika bure huko majini. Mwambie tu mzee hajambo, na tunamsalimia." Ukanishukuru, ukaniombea Mungu anilipe wema, ukakata.

Usidhani zamu ndiyo iliyonizuia. Niliogopa. Mara ya mwisho nilipokuja, baba yule aliyekuwa akinibeba begani alishindwa kushika kijiko, nikatoka nje nikisingizia kupokea simu. Nikaona bahari ni kisingizio kizuri kuliko vyote, maana nani atamlaumu aliye majini? Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia mezani kwangu mwenyewe, na aliyekuwa akiilipia ni wewe. Nimekukosea, Dada, na sina neno la kujitetea.

Ningekupigia, lakini uso sina. Nimeomba likizo na nimepewa, inaanza Ijumaa. Barua hii naitanguliza ili unikasirikie kwanza kwa nafasi, kisha nikifika unionyeshe namna ya kumgeuza baba bila kumuumiza. Ukitaka kunifokea mbele ya shemeji, nifokee. Usinitandikie chumba cha wageni. Nitalala sakafuni kando ya kitanda chake, nawe ulale mpaka jua lichome.

Nisalimie shemeji, shangazi mkubwa, na jirani yenu fundi cherehani. Watoto wape mabusu yao. Mola aupe mgongo wako nafuu, na mikono yako asiipunguzie nguvu.

Baba usimwambie kwamba nakuja. Najijua. Woga ukinishika tena pale kituo cha basi, asije akawa amengoja bure. Lakini wewe, Dada, nakuomba uningoje.

Mdogo wako, anayekupenda na kukuonea haya,
Kitindamimba