Kitanda cha Aliye Mbali

4 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Hujambo huko? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, na nitakwambia kwa nini.

Wiki hii nimefundisha uhamaji. Nilichora mishale ubaoni: mambo yanayomsukuma mtu atoke kwao, na mambo yanayomvuta kule aendako. Mfano wangu ulikuwa wewe. Nikawaambia wanafunzi, mdogo wangu kwetu ni mhamaji, huko aliko ni mhamiaji. Mtu mmoja, maneno mawili. Darasa zima likakuonea fahari. Mimi nikakuonea gere, nakwambia wazi.

Maana hata mama ni hivyo hivyo. Chumba chenye dirisha bado ni chako. Kila Jumamosi anaanika godoro lako, anabadilisha shuka, anaupiga mto makofi, kisha anafunga mlango. "Kitinda akirudi atalala wapi?" Mimi ninayemchotea maji ya kuoga nalala kwenye kochi, miguu inaning'inia. Nikikohoa, anajiuliza kama na wewe huko una kikohozi.

Hebu nijazie mishale yangu. Nini kilikusukuma?

Dada yako, Mwalimu

20 Aprili

Dada Mwalimu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi mzima, vidole tu ndivyo vimejaa matundu ya sindano.

Umeuliza kilichonisukuma. Ni wewe. Usinune, soma kwanza. Nyumbani kila kitu kilikuwa "Mwalimu kasema". Chumvi ikizidi, "Mwalimu hapendi". Nikishona gauni, mama analigeuzageuza, eti tumsubiri Mwalimu alione. Nikaona bora niende mahali ambapo hakuna anayekujua.

Na kilichonivuta ni kiwanda cha sare. Nashona mikono ya kushoto tu. Ya kulia inashonwa na mwanamke wa meza ya pili, na shati zima sijawahi kulishika. Jioni narudi chumbani, hakuna wa kuniuliza nimekula nini. Wewe unaulizwa kila siku, halafu unalalamikia kochi! Nakuonea wivu, Dada.

Basi nimempatia mama kibali aje akae kwangu. Sasa ni zamu yangu. Mwambie ajiandae.

Halafu nijibu na wewe. Aliyeondoka ana maneno mawili. Aliyebaki anaitwaje?

Mdogo wako

9 Mei

Kitinda,

Marahaba. Salamu nyingine sina.

Nilimsomea mama barua yako nikitumaini atakataa. Nilingoja aseme, "Na Mwalimu nitamwacha na nani?" Hakusema. Sijamaliza kusoma, ameshashusha sanduku kutoka juu ya kabati, anaimba. Ametangaza mtaa mzima. Jirani akamuuliza, na mwanao mkubwa je? Akajibu, "Aa, huyo yupo tu."

Jibu lako ndilo hilo. Aliyebaki anaitwa Yupo Tu. Kwenye kitabu changu cha jiografia hayumo.

Hili ulilofanya lakini limo: uhamaji wa mnyororo. Mmoja hutangulia, kisha huwavuta wenzake. Haya, mvute. Anasafiri mwisho wa mwezi. Miguu yake hupata baridi akilala, soksi nimezitia mfuko wa pembeni. Roho inaniuma, na sitajifanya haiumi.

Dada yako

30 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mama alifika salama, soksi miguuni. Nimekuandikia mara mbili hukujibu. Nakuomba hii uisome.

Nilimnunulia kitanda kipya, mimi nikabaki na changu cha dirishani. Hakupumzika hata kidogo. Alikitandua changu, akabadilisha shuka, akaupiga mto makofi. Moyo ukanijaa, nikajua nimerudi kuwa mtoto wake. Nilipotaka kukaa akanidaka mkono.

"Hapo usikae. Mwalimu akija atalala wapi?"

Tangu hapo ni wewe tu. Nikipika, Mwalimu hapendi mafuta mengi. Nikishona, Mwalimu angeona huu mshono ulivyopinda. Siku moja aliniletea chakula kiwandani, na sasa hata yule mwanamke wa mikono ya kulia ananiuliza habari zako. Nilikukimbia, na huku umenifuata bila kupanda gari! Namwonea wivu mtu ambaye hata hayupo chumbani.

Nalala kwenye kochi, Dada. Ni fupi, miguu inaning'inia. Wewe hamia kitanda changu huko, hakuna wa kukukataza sasa.

Jumamosi ameanika godoro lako. Niliyelibeba ni mimi.

Mdogo wako,
Yupo Tu